Humphry Davy, aliyeitenga magnesiamu kwa umeme

Wataalamu wa metali leo hupitisha mapigo ya umeme katika aloi ya magnesiamu inapoganda, ili chembe zake ziwe ndogo nayo iwe imara. Aliyeitenga kwanza metali hiyo, kwa umeme vilevile, ni Humphry Davy, mwana wa mchonga mbao wa Penzance, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1778.

Mwaka 1808, jijini London, alipitisha mkondo wa betri katika unga wa magnesia uliolowa, metali ikajificha ndani ya zebaki. Zebaki ilipochemshwa ikatoka, kilichosalia kilikuwa haba mno.

Mwaka 1813 alimwajiri kijana Michael Faraday, ambaye baadaye, kwa aibu yake Davy, alimpinga asiingie Jumuiya ya Kifalme.

Mwaka 1828 Mfaransa Antoine Bussy alipata magnesiamu zaidi, bila umeme, kwa kutumia potasiamu, metali aliyoigundua Davy mwenyewe. Davy alifariki Geneva mwaka uliofuata, akiwa na miaka 50.