Maisha ya Mwandishi: Okot p'Bitek (1931–1982)

Okot p'Bitek alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Mwaka wa 1953, akiwa bado kijana, alichapisha kwa Kiacholi riwaya yake ya pekee, Lak Tar. Mhusika mkuu, Okeca Ladwong, ni kijana wa kawaida anayekosa mahari. Anaenda Kampala kutafuta pesa, lakini anaporejea anaibiwa akiba yote na kufika kwao mikono mitupu.

Baadaye Okot alizuru Uingereza na timu ya kandanda ya Uganda, akabaki huko kusoma. Shairi lake refu, Wimbo wa Lawino (1966), lilimpa sifa kubwa. Alipopoteza kazi Uganda alihamia Kenya, na mwaka wa 1968 akaandaa tamasha la sanaa mjini Kisumu.

Kuhusu Okeca, wasomaji hugawanyika. Baadhi humhurumia na kulaumu ukubwa wa mahari. Wengine humwona mzembe aliyeshindwa kulinda jasho lake. Ukipita soko la Kibuye, watazame vijana wanaosukuma mikokoteni. Mmoja wao akiibiwa leo, utamlaumu nani? Jibu swali hilo kabla ya kumhukumu Okeca, kisha utetee msimamo wako kwa ushahidi kutoka riwayani.