Robert Koch: Bingwa aliyeteleza kwenye maziwa

Bibi yangu hakuwa mtu wa vitabu, lakini maziwa ya ng'ombe hayakupita kinywani mwetu ila yawe yamechemka na kupanda mara tatu jikoni. Majuzi, tulipotoka kusali alasiri, nilimsikia mzee mmoja barazani, mtu wa heshima zake, akishikilia kuwa maziwa mabichi ndiyo yenye nguvu, na kwamba maradhi ya mnyama hubaki kwa mnyama. Sikumlaumu. Kauli kama hiyo ilipata kutolewa mbele ya mabingwa wa dunia, na aliyeitoa alikuwa gwiji wao. Huyo ni Robert Koch, Mjerumani ambaye nyayo zake zilifika hata huku kwetu pwani. Leo napenda kuwasimulia, wasomaji wapenzi, habari za maisha yake.

Koch alizaliwa tarehe 11 Disemba, 1843, katika mji wa Clausthal, nyumba yenye watoto wengi. Baba yake alikuwa afisa wa machimbo ya madini. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1866, na mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo umo katika nchi ya Poland.

Wakati huo kimeta kilikuwa kikiwafyeka kondoo na ng'ombe wa wilaya hiyo, na watu walioshika ngozi na sufu zao wakifa pia. Kilichowashangaza wakulima ni kuwa palikuwa na malisho yenye nuksi. Yangeweza kukaa miaka bila mnyama, lakini wakirudishwa hapo, hufa. Koch hakuwa na maabara. Alikata sehemu ya chumba cha kutibia wagonjwa kwa pazia, akaweka hadubini yake na panya wake, akaanza kazi.

Alichukua damu ya wengu wa mnyama aliyekufa kwa kimeta, akaitia kwa kijiti chini ya ngozi ya panya. Panya akafa. Akatoa kwa huyo akampa mwingine, na huyo naye akafa. Kisha akavikuza vijidudu hivyo katika maji ya jicho la ng'ombe, akaona kwa macho yake vikigeuka kuwa mbegu ngumu zisizojali ukavu. Hapo ndipo siri ya malisho ilipofichuka: mbegu hizo hukaa ardhini miaka mingi zikimngoja mnyama. Mwaka 1876 alimwonyesha kazi hiyo Profesa Ferdinand Cohn wa Breslau, na habari ikachapishwa. Ilithibitishwa sawasawa kuwa kijidudu maalumu ndicho chanzo cha maradhi maalumu. Basi tuliweke moyoni jambo hili: mlango wa elimu hiyo Koch alifunguliwa na kondoo.

Baada ya hapo sifa zilimiminika. Tarehe 24 Machi, 1882, aliwatangazia wenziwe mjini Berlin kuwa amekiona kijidudu cha kifua kikuu, maradhi yaliyokuwa yakiua mtu mmoja katika kila saba waliokufa. Mwaka 1883 alikwenda Misri kisha India kutafuta chanzo cha kipindupindu, akakipata. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu iitwayo tuberkulini. Watu wakamiminika Berlin kwa matumaini, lakini haikuponya. Hata hivyo haikupotea bure, kwani madaktari wa mifugo waliigeuza kuwa kipimo cha kumjua ng'ombe mwenye kifua kikuu, na hadi leo kinatumika.

Afrika nayo ilimwita. Mwishoni mwa mwaka 1896 alifika Kimberley, Afrika Kusini, kupambana na sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe wa bara hili. Akawachanja ng'ombe wazima kwa nyongo ya waliokufa, na wengine wakaokoka. Mwaka 1897 akaingia Dar es Salaam. Huko aliona vitu vidogo mno ndani ya damu ya ng'ombe, akadhani ni vijana wa kijidudu cha maradhi mengine aliyokuwa akiyajua. Mwaka 1903, alipokuwa Rhodesia, ndipo alipotambua kuwa ni maradhi mbali, akayaita homa ya pwani ya Afrika. Ni ndigana kali hiyo, ambayo Waingereza hadi leo huipa jina la pwani yetu ya mashariki. Wataalamu wa Afrika Kusini, Lounsbury na Theiler, ndio waliobainisha kuwa huletwa na kupe.

Mwaka 1905 alirudi huku, akachunguza papasi waliokuwa wakijificha katika vibanda vya njia za misafara, akaonyesha kuwa ndio waenezao homa ya papasi. Mwaka huo huo alipewa tuzo ya Nobel. Lakini tusimpambe kupita kiasi. Katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ndani yake, na baadhi yao walipofuka macho. Watu wale walikuja kwake kutafuta uzima. Anayemtaja Koch na asiwasahau.

Sasa turudi kwenye maziwa. Julai mwaka 1901, katika mkutano mkubwa wa kifua kikuu mjini London, Koch alisimama akasema kuwa kifua kikuu cha ng'ombe si tishio la maana kwa mwanadamu, na kwamba haoni haja ya kujihadhari na maziwa. Watu walipigwa na bumbuazi, maana huyu ndiye aliyekuwa amewafunza kuwa maradhi hayo ni mamoja. Lister, daktari mkuu wa Kiingereza, alimpinga pale pale.

Kosa lilitoka wapi? Koch alikuwa amewatia ng'ombe vijidudu vya kifua kikuu cha watu, na ng'ombe hawakuugua. Theobald Smith, Mmarekani, naye alikwisha kuonyesha mwaka 1898 kuwa vijidudu hivyo ni vya aina mbili. Mpaka hapo ni kweli tupu. Lakini Koch akakata kuwa, kwa kuwa cha mtu hakimpati ng'ombe, basi cha ng'ombe nacho hakimpati mtu. Alijaribu mlango kwa nje, akauona umefungwa, akasema hata kwa ndani haufunguki.

Serikali ya Uingereza iliunda tume mwaka huo huo. Ilichunguza kwa miaka 10, na mwaka 1911 ikatoa ripoti ya mwisho: cha ng'ombe humpata mtu, hasa mtoto mdogo, na njia yake ni maziwa. Koch hakuiona ripoti hiyo, kwani alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei, 1910. Miaka yote hiyo wasiotaka gharama ya kupima ng'ombe na kuchemsha maziwa walikuwa na jina kubwa la kujikingia, na watoto wakaendelea kuzikwa.

Chuoni walimu wetu walitufundisha kuwa mwanachuoni akiteleza, huteleza na ulimwengu. Nilipokuwa mdogo sikuyaelewa maneno hayo. Koch amenieleza maana yake.

Elimu ya leo imesimama upande wa kondoo wa Wollstein. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu 140,000 hivi walipata kifua kikuu kitokacho kwa ng'ombe. Maziwa mabichi, yawe ya ng'ombe, mbuzi au ngamia, huleta pia homa ya brusela. Sotoka iliyomtesa Koch ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetoweka duniani, kwa chanjo iliyotokana na kazi ya Walter Plowright na wenziwe hapa Kenya, Muguga. Na daktari wa watu na daktari wa mifugo sasa wanahimizwa kukaa jamvi moja, kwa kuwa maradhi hayaulizi miguu ni miwili au minne.

Yule mzee wangu wa baraza nitamsimulia kisa hiki, kwa adabu, mbele ya kikombe cha chai ya maziwa. Lakini maziwa yenyewe nitayachemsha kwanza, kama bibi.