Charles Darwin na Vumbi la Jangwani

Katika somo la Bayolojia jina la Charles Darwin hutajwa pamoja na ndege na kobe wa visiwa vya Galápagos. Mimi nataka kuwaelezeni habari zake za vumbi, maana sisi wa Ukonga twalijua vema vumbi la kiangazi, ingawa letu ni la barabara tu.

Alizaliwa Shrewsbury, Uingereza, tarehe 12 Februari, 1809. Baba yake, aliyekuwa daktari, alimpeleka kusomea udaktari. Lakini kijana hakustahimili kutazama wagonjwa wakipasuliwa, akaacha. Mwisho wa 1831, akiwa na miaka 22, alipanda merikebu iitwayo Beagle.

Januari 1832 walipokaribia visiwa vya Cape Verde, magharibi ya Afrika, kitambaa cha kuonyeshea upepo juu ya mlingoti kilinasa unga mwembamba wa rangi ya kahawia. Mwingine angalikung'uta tu. Darwin aliuweka akiba. Baadaye akakusanya habari za merikebu nyingine: vumbi hilo liliangukia hata vyombo vilivyokuwa zaidi ya maili 1,000 kutoka Afrika, likaumiza macho ya mabaharia, na vyombo vingine vilikwama pwani kwa kutoona njia.

Vifurushi vitano, kimoja chake na vinne alivyopewa na rafiki yake Lyell, alimpelekea Profesa Ehrenberg wa Berlin, bingwa wa hadubini. Huyu alikuwa ameizuru Afrika mwenyewe, na mwaka 1825 alifiwa na mwenziwe Hemprich huko Massawa. Aliona ndani ya vumbi aina 67 za viumbe wadogo mno, wala hakuona hata moja aliyoijua kuwa ya Afrika pekee. Bali mbili alizijua za Amerika ya Kusini! Hata hivyo Darwin hakuyumba. Alitazama upepo unavuma kutoka wapi, na katika miezi gani, akaandika mwaka 1846 kwamba vumbi latoka Afrika. Ndivyo ilivyo. Siku hizi satelaiti hulifuata kutoka Sahara hadi ng'ambo ya Atlantiki, na madaktari wajua kuwa chembe zake ndogo kabisa hupenya hadi mapafuni.

Darwin alifariki tarehe 19 Aprili, 1882. Vumbi lake lingali Berlin. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza kuwa wamekuta ndani yake bakteria na kuvu walio hai bado.