Cicely Williams: Daktari aliyelitetea ziwa la mama

Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi kumtazama binti yangu, kitinda mimba wangu, aliyejifungua mtoto wa kike. Anakaa Westlands na mumewe, katika nyumba za ghorofa zilizo karibu na barabara ya Mpaka. Mtoto alikuwa mzima, alhamdulillahi, lakini mama yake alikuwa ameanzishiwa dawa kali ambazo daktari alisema haziwezi kwenda pamoja na kunyonyesha. Ikawa hapana budi kununua maziwa ya kopo.

Mimi na mkwe wangu tukateremka dukani. Makopo yalikuwa yamejaa rafu nzima, ya kampuni za Uswisi, Ufaransa na kwingineko, na bei zake zilipishana kama mbingu na ardhi. Mkwe wangu ni kijana mwenye kuchunga dini yake. Akayageuza makopo moja moja akitafuta alama ya halali, na alipoiona kwenye makopo matatu akaniuliza mimi mzee tuchukue lipi, maana yeye alitaka la kampuni yenye mwendo mwema. Nilishindwa kumjibu. Nilikuwa nimekumbuka kopo jingine, la mwaka 1973.

Mwaka huo mimi na mke wangu tulikuwa tunakaa Mji wa Kale, Mombasa, na tulikuwa tumepata mtoto wetu wa kwanza, mwanamume. Siku moja alibisha hodi mwanamke aliyevaa nguo nyeupe na kofia ya kinesi, na mkoba mkononi. Tulimdhania ametumwa na serikali. Kumbe alikuwa ameajiriwa na wauza maziwa. Alimsifu mtoto, akamwambia mke wangu kwamba mtoto wa kisasa hunyweshwa maziwa ya kisasa, akatuachia kopo moja bure. Mke wangu alikuwa na maziwa tele, lakini ziwa lisilonyonywa hukauka. Kopo lilipokwisha, na lake lilikuwa limekwisha. Mshahara wangu wa ukarani haukutosha makopo, kwa hiyo tukawa tunazidisha maji ili unga udumu. Kijana wetu alishikwa na tumbo la kuhara, likakata, likarudi. Hakutimiza miezi sita. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tulichukua kopo moja kwa siku ile, kwani mtoto hangoji hadithi, tukarudi nyumbani. Baada ya sala ya Isha nikamsimulia mkwe wangu habari za bibi mmoja daktari, marehemu Cicely Williams, ambaye nilimjua kwa kusoma, miaka mingi baada ya msiba wetu. Habari hizo ndizo ninazowaletea wasomaji leo.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1893 katika kisiwa cha Jamaica, kilichokuwa koloni la Waingereza. Baba yake alikuwa mkuu wa elimu kisiwani. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alipelekwa Uingereza kusoma, akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Oxford, lakini akaiacha akarudi Jamaica kuwasaidia wazazi wake, kwa kuwa kisiwa kilikuwa kimepatwa na matetemeko na tufani. Baba yake alipofariki mwaka 1916 ndipo aliporejea Oxford, naye sasa ana umri wa miaka 23. Wakati ule ilikuwa shida mwanamke kukubaliwa kusomea udaktari. Lakini vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimewachukua wanaume wengi, na mlango ukafunguka kidogo. Akapenya. Akahitimu mwaka 1923.

Alifanya kazi katika hospitali ya watoto mashariki mwa London, na huko akajifunza jambo ambalo hakulisahau maisha yake yote, kwamba daktari hawezi kumtibu mtoto bila kujua nyumba anayotoka, chakula anacholishwa na mama anayemlea. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ikamwajiri, ikampeleka Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa madaktari wanaume, ingawa kazi ilikuwa ile ile.

Huko Accra alianza kuletewa watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne waliovimba miguu na tumbo, nywele zimegeuka rangi, ngozi inababuka, na wengi wao wakifa. Madaktari wenzake walisema ni minyoo, au ni ugonjwa mwingine uliokwisha kujulikana vitabuni. Bibi Williams hakuridhika. Alifanya jambo ambalo wakubwa wake hawakuwa na desturi nalo: aliwauliza akina mama wa Kiafrika wauitaje ugonjwa ule. Wakamwambia kwa lugha ya Kiga kuwa ni kwashiorkor, yaani maradhi yanayompata mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa.

Msomaji wa pwani hataona ajabu kwa maneno hayo. Sisi nasi tulikuwa na neno letu la kubemendwa, na wazee wetu wakiona mtoto amenyong'onyea baada ya mama yake kushika mimba nyingine walikuwa wakinong'ona. Walijua kwamba mtoto ameponzwa na kukatizwa ziwa, ila hawakujua kwa njia gani. Bibi Williams aliipata njia hiyo. Mtoto akitolewa kwenye ziwa na kulishwa uji wa mahindi peke yake hukosa chakula cha kujenga mwili. Aliandika habari hizo mwaka 1933, na mwaka 1935 akaliandika jina lenyewe katika jarida la madaktari la Uingereza, Lancet. Ndivyo neno la akina mama wa Accra lilivyoingia katika vitabu vya dunia nzima, na kwetu likawa kwashakoo.

Hapa pana jambo la kuangalia. Katika kuwatibu watoto wale, Bibi Williams mwenyewe alitumia maziwa ya kopo. Mtoto aliyewahiwa mapema akapewa maziwa na mafuta ya samaki aliweza kupona. Kwa hiyo bibi huyu hakuwa adui wa kopo. Kwake yeye kopo lilikuwa dawa, na dawa hupewa mgonjwa.

Kushindana na wakubwa wake hakukumletea faida. Mwaka 1936 alihamishwa, akapelekwa Malaya, mashariki ya mbali, kutibu na kufundisha Singapore. Ndiko alikokutana na kopo kwa sura yake ya pili. Kampuni za maziwa zilikuwa zimeajiri wanawake na kuwavisha nguo za kinesi, zikiwatuma katika nyumba za maskini kila paliposikika mzazi. Kazi yao ilikuwa kuwashawishi akina mama wenye afya na maziwa ya kutosha waache kunyonyesha, wawape watoto maziwa mazito ya kopo yaliyotiwa sukari. Uingereza kwenyewe, makopo ya maziwa mazito yaliyotolewa siagi yalilazimishwa na sheria yaandikwe kuwa hayafai kwa watoto wachanga. Malaya yalisifiwa kuwa ni chakula bora cha watoto. Bibi Williams aliletewa watoto waliodhoofu, waliopinda mifupa na waliopofuka macho kwa kukosa vitamini.

Mwaka 1939 Chama cha Rotary cha Singapore kilimwalika kuhutubia. Waliokuwa mbele yake ni wakubwa wa biashara na wa serikali. Aliiita hotuba yake Maziwa na Mauaji, akawaambia bila kumung'unya maneno kwamba mwenye kueneza uongo juu ya ulishaji wa watoto anastahili adhabu kama mhalifu mkubwa, na kwamba vifo vya watoto wale vihesabiwe kuwa ni mauaji. Hakutoa udhuru kwa anayekosea kwa kutojua. Niliposoma mara ya kwanza habari za manesi wale wa Singapore, nilikifunga kitabu nikatoka nje. Nguo nyeupe iliyobisha hodi kwangu mwaka 1973 ilikuwa imekwisha kukemewa hadharani miaka 34 kabla yake.

Wajapani walipoivamia Malaya mwishoni mwa mwaka 1941, Bibi Williams alikuwa akifanya kazi Trengganu. Akakimbilia Singapore, na mji huo ulipoanguka mwezi wa Februari 1942 akatiwa mbaroni pamoja na Wazungu wengine katika gereza la Changi. Alikaa kifungoni zaidi ya miaka mitatu. Alichaguliwa kuwa kiongozi wa wanawake wa kambi, na kwa ajili hiyo polisi wa kijeshi wa Kijapani walimchukua wakamhoji na kumtesa kwa miezi. Njaa na maradhi ya beriberi karibu vimmalize. Lakini inasimuliwa kwamba katika kambi ile ya njaa walizaliwa watoto 20, wote 20 wakanyonyeshwa na mama zao, na wote 20 wakaishi. Hapakuwa na kopo wala nesi wa kampuni.

Baada ya vita, mwaka 1948, aliwekwa kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani. Alizunguka nchi nyingi akifundisha, na miaka ya 1960 alikuwa mwalimu Beirut, Lebanoni. Akaishi hata akayaona maneno yake yakizaa matunda. Mwaka 1974 shirika moja la Uingereza lilichapisha kijitabu juu ya kampuni za maziwa ya watoto katika nchi maskini. Mwaka 1975 Mjerumani Peter Krieg alitoa filamu iitwayo Bottle Babies, juu ya watoto waliodhurika kwa chupa, na picha zake zilipigwa hapa hapa Kenya. Ilionyeshwa katika makanisa na kumbi za Marekani, na mwaka 1977 Wamarekani wengi wakaanza kususia bidhaa za Nestlé. Mwezi wa Mei 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo kwa umma, zawadi za makopo kwa akina mama, na manesi wa kampuni. Nchi 118 zilikubali. Moja tu ilikataa, nayo ni Marekani. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012.

Bibi Cicely Williams alifariki Oxford mwezi wa Julai 1992, akiwa na umri wa miaka 98. Hakuolewa wala hakuzaa, lakini watoto walioishi kwa sababu yake hawana idadi.

Nilipofika hapo mkwe wangu aliuliza tena swali lake la dukani. Basi ni kampuni ipi? Nikamwambia ukweli, kwamba iliyo safi kabisa haikupatikana. Mwaka 2021 taasisi iitwayo Access to Nutrition Initiative ilizipima kampuni kubwa tisa kwa kanuni zile za mwaka 1981, na hakuna hata moja iliyozitimiza zote, ingawa zimezidiana. Sisi tunaonunua tunaweza kuiacha inayotuma watu wake hospitalini na inayogawa zawadi, tukaichukua inayonyamaza rafuni. Wala tusidhani kopo la bei ya juu ndilo lenye lishe. Maziwa ya mtoto mchanga yamewekewa kipimo cha kimataifa cha virutubisho, na la bei nafuu lililotimiza kipimo hicho linamtosha mtoto.

Yaliyobaki ni kazi ya nyumba. Maji yachemshwe, na unga utiwe yakiwa bado ya moto sana, yasipungue nyuzi 70, kisha yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Kijiko ni kile kilichomo koponi, na kipimo ni kile kilichoandikwa, kisipunguzwe ili unga udumu, maana hilo ndilo lililotuponza sisi. Kikombe kidogo ni bora kuliko chupa, kwa kuwa husafishika.

Sisi Waislamu hatuna haja ya kufundishwa heshima ya ziwa. Kurani imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na imeruhusu mtoto anyonyeshwe na mwingine. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alinyonyeshwa na Bi Halima, na mtu na nduguye wa ziwa hawaoani. Lakini yuko mtoto asiye na ziwa la mama wala la mama mwingine, kama mjukuu wangu, na huyo kopo ni haki yake. Mama yake asionewe haya wala asilaumiwe.

Alama ya halali juu ya kopo ni jambo jema, na mkwe wangu alifanya vizuri kuitafuta. Hata hivyo alama ile yatueleza yaliyomo ndani ya kopo tu. Dini yetu imekataza pia kupunja mizani na kumhadaa mnunuzi, na kopo lililouzwa kwa hadaa lina dhambi ambayo haikuandikwa juu yake. Jambo hilo Bibi Williams, ambaye hakuwa wa dini yetu, alilisema mbele ya wenye mali bila kuwaogopa.

Kesho yake tulirudi dukani, tukachagua kopo la bei ya kati, la kampuni ambayo hatujawahi kuona mtu wake akibisha hodi kwa mtu. Mjukuu wangu sasa anaongeza uzito, na mama yake anaendelea na dawa. Niliporudi Mombasa nilipita makaburini kwa kijana wetu wa mwaka 1973, nikamwombea dua.