Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni aliyeuza urani ya Katanga

Wengi wetu hapa Birere tumesikia bomu la Hiroshima. Wachache wanajua kama urani yake kwa sehemu kubwa ilitoka kwetu Kongo. Aliyeiuza ni Edgar Sengier.

Sengier alizaliwa Kortrijk, Ubelgiji, mwaka 1879. Alisomea uinjinia wa madini kule Leuven. Mwaka 1911 akaingia Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya shaba, akapanda vyeo mpaka akawa mkubwa wake.

Kampuni ilikuwa na mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Walichotafuta pale ni radiamu ya kutibia kansa. Urani haikuwa na soko kubwa. Lakini mwaka 1939 Mwingereza Henry Tizard alimuonya Sengier: jiwe hilo likimfikia adui, hatari itakuwa kubwa.

Sengier hakusahau. Mwaka 1940 Wajerumani waliingia Ubelgiji. Yeye akiwa New York, aliamuru zaidi ya tani 1,000 zitoke Katanga, zipite bandari ya Lobito, Angola, mpaka depo moja ya Staten Island. Zilikaa pale bila kelele.

Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alikuja kuomba urani. Kumbe mali iko tayari, tena palepale New York! Walipatana siku ileile. Mawe ya Shinkolobwe yalifikia asilimia 65 ya urani, wakati ya Marekani mengi hayakufika hata asilimia 1. Mgodi uliokuwa umejaa maji ukafunguliwa tena, kazi ikafanywa kwa siri.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu likachoma Hiroshima. Inakadiriwa watu 140,000 walikufa kabla ya mwaka kwisha.

Mwaka 1946 Marekani ikamvalisha Sengier medali. Hata aina moja ya madini ikaitwa sengierite. Alikufa Cannes, Ufaransa, mwaka 1963.

Na Wakongomani waliochimba mawe yale? Hakuna madini yenye jina lao. Shinkolobwe ilifungwa rasmi mwaka 2004, na mwaka huohuo mgodi ukabomoka, ukaua wachimbaji wadogo waliokuwa bado wanashuka.

Sisi wa mpakani tunaona mali ikipita kila siku. Jiwe likitoka kwetu, nani anajua linaenda kufanya kazi gani, na nani anatuuliza?