Alfonso Ortiz Tirado: Daktari wa mifupa aliyejenga hospitali kwa sauti yake

Tunapozungumzia waimbaji wa zamani, mara nyingi tunakutana na habari za vijana walioacha masomo ili wafuate muziki. Alfonso Ortiz Tirado wa Mexico alishika vyote viwili, na kimoja kikaja kukilipia kingine.

Alizaliwa tarehe 24 Januari 1893 katika mji mdogo wa Álamos, jimbo la Sonora, kaskazini-magharibi mwa Mexico. Alisomea udaktari katika mji mkuu, akabobea katika matibabu ya mifupa. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni mchoraji Frida Kahlo, aliyeumia vibaya uti wa mgongo na mguu katika ajali ya basi mwaka 1925.

Huku akiwatibu wagonjwa, alijifunza kuimba kwa José Pierson, mwalimu aliyewafundisha pia Jorge Negrete na Pedro Vargas. Sauti yake ilikuwa tenori, ile sauti ya juu ya kiume. Aliimba opera, lakini kilichompa jina ni bolero, nyimbo za mapenzi za mwendo wa taratibu, zikiwemo tungo za Agustín Lara na María Grever.

Redio ndiyo iliyomfikisha mbali. Septemba 1930, kituo cha XEW kilipofunguliwa katika Jiji la Mexico, yeye alikuwa miongoni mwa waimbaji wa siku hiyo ya kwanza. Watu ambao hawakuwa na uwezo wa kununua tiketi ya ukumbi wa muziki sasa walimsikia wakiwa nyumbani. Zikafuata santuri alizorekodi na RCA Victor, na safari za maonyesho katika nchi za Amerika ya Kusini.

Fedha za muziki zilikuja, naye akajua pa kuzipeleka. Alijenga hospitali ya mifupa kwa ajili ya watoto wa familia maskini. Kwa mtoto asiyeweza kusimama, wimbo peke yake haukutosha. Alihitaji daktari na kitanda, na nyimbo ndizo zilizovipata.

Ortiz Tirado alifariki dunia Septemba 1960 akiwa na umri wa miaka 67. Tangu mwaka 1985, kila Januari, mwezi aliozaliwa, mji wa Álamos hufanya tamasha la muziki lenye jina lake. Sisi wa redio tunamkumbuka kwa sauti. Wako waliomkumbuka kila walipopiga hatua.