Enoch Sontonga: Mwalimu wa kwaya aliyetutungia wimbo wa taifa

Tunapoimba wimbo wa taifa mstarini, hapa Singida na kote nchini, tunaimba kazi ya mwalimu wa shule. Enoch Sontonga, Mxhosa, alizaliwa karibu mwaka 1873 huko Uitenhage, Afrika Kusini. Alifundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg na kuongoza kwaya yake. Wanafunzi aliwatungia nyimbo, akiziandika kwa mkono kwa nota za solfa, zilezile tunazofundishia kwaya zetu: do, re, mi.

Mwaka 1897 alitunga wimbo huu. Alifariki mwaka 1905, akiwa bado kijana, asijue kwamba mwaka 1961 Tanganyika huru ingeupokea muziki wake kwa maneno ya Kiswahili. Kaburi lake lilisahaulika kwa miaka mingi; mwaka 1996 ndipo lilipotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Wimbo ulivuka mipaka, jina la mtunzi likabaki nyuma. Hata leo karatasi nyingi za nota hupita mikononi mwa wanakwaya bila jina la mtunzi. Tuwafundishe wanafunzi wetu kuliandika hilo kwanza, ndipo zifuate nota.